Matairi Yasiyonguruma

Jumatano ile gari lilisimama pale lilipotaka lenyewe. Nilikuwa nimekanyaga breki tangu juu ya mteremko, mguu wote, na bado liliendelea kushuka kama sahani inayoteleza juu ya meza yenye maji. Mbele yangu, katikati ya njia, mama alikuwa ameshika geti kwa mikono miwili, anatabasamu.

Liliposimama, kati ya bampa na tumbo lake palikuwa na nafasi ya kiganja. Nilishuka nikapima kwa kiganja changu mwenyewe, kwa hiyo siongezi chumvi.

"Umerudi, mwenzangu?" mama alikuwa amesema, kabla sijafungua mlango.

"Ni mimi, Mama."

Tabasamu lake halikuondoka lote. Lilipungua tu, kama mtu anayepunguza utambi wa taa. "Haya, ingiza gari. Mvua hii itakulowesha."

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, na gari analiona kama ukuta unaosogea. Hakujua ukuta ule ulimkaribia kiasi gani. Niliingiza gari, nikazima injini, nikakaa ndani muda mrefu. Alidhani napanga risiti zangu.

Baba alikuwa mpima ardhi. Gari lile alilinunua kwa ajili ya porini, akalivisha matairi ya matope, yale yenye meno makubwa kama matofali. Kwenye lami matairi ya namna hiyo hayaendi kimya. Yananguruma, mlio mzito unaopanda na kushuka pamoja na mwendo. Nyumba yetu iko chini ya barabara kuu, na mama akiwa jikoni aliusikia mlio huo tangu gari likiwa darajani. Alikuwa na muda wa kupunguza moto, kufuta mikono, kutafuta ndala na kufika getini. Geti letu ni la chuma na nguzo yake imelala upande, kwa hiyo usipolishika linajifunga lenyewe. Baba hakupiga honi pale nyumbani hata siku moja. Alisema honi ni ya watu wasiojuana. Kwa miaka ishirini na saba mama alimfungulia geti kwa mlio wa matairi.

Baba alifariki mwaka jana, hospitalini, kwa ugonjwa wa moyo. Gari lilibaki kwangu kwa sababu nina kazi nalo. Nashona sare za shule, na kila siku napeleka mafurushi ya sketi na kaptula kwenye shule za pande tatu za mji. Ni lami kwenda, lami kurudi. Hata mteremko wa kwetu si udongo. Baba aliumwagia zege mwenyewe, likizo moja, akalilainisha kwa mwiko mpaka likawa kama sakafu ya sebule. Alijivunia sana zege lile. Mvua ikinyesha linakuwa sabuni.

Baada ya Jumatano ile nilimwambia mama asimame pembeni.

"Nikisimama pembeni, geti atalishika nani?"

Nikapigilia ndoano ukutani ya kulizuia geti. Aliitumia siku moja. Ijumaa nilimkuta tena katikati ya njia, ndoano inaning'inia bure.

"Ndoano haijui anayeingia ni nani," alisema.

Hapo nikaelewa nilichokuwa nacho mikononi. Kila jioni, kwa muda wa pumzi tatu au nne kabla sijafungua mlango wa gari, mama yangu alikuwa na mume anayerudi nyumbani. Nikibadilisha matairi, namnyang'anya hizo pumzi tatu. Nisipobadilisha, iko siku ile nafasi ya kiganja haitakuwepo.

Jumamosi mdogo wangu wa kiume alikuja. Nyumbani tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho. Ana duka la dawa mji mwingine na huja mara moja kwa mwezi. Nilimwambia naenda kuangalia matairi, akaruka kutoka kitini.

"Gari ya mzee haiguswi," alisema.

"Basi njoo uone likiguswa."

Tulimwambia mama tutarudi saa tisa. Njiani hatukuongea. Matairi yaliongea kwa niaba yetu, ule mngurumo wao, na niliona Kitinda ameegemeza kichwa dirishani, amefumba macho. Sikumwambia lile la kiganja. Nilijua nikianza nitalia, na siku hizo nilikuwa nimekubaliana na nafsi yangu kwamba sitalia mbele ya watu.

Fundi wa matairi anaitwa Geji. Jina hilo amelipata kwa sababu mfukoni mwa shati lake hakukosekani kile kipimo kidogo cha kupimia kina cha meno ya tairi. Uwanja wake umezungukwa na nguzo za matairi yaliyopandanishwa hadi juu ya kichwa, na katikati kuna karai kubwa la maji ya kutafutia pancha. Upande wa nyuma ana mahali pa kuoshea magari, zege lililoinama ili maji yashuke kwenye mfereji.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hili gari nalijua. Mwenyewe yuko wapi?"

"Alifariki," nikasema.

Alivua kofia, akaikunja, akaiweka mfukoni. "Poleni sana. Alikuwa mteja mbishi, Mungu amrehemu. Tulipatana." Kisha akachuchumaa, akachomeka kipimo chake kati ya meno ya tairi la mbele. "Milimita nane."

"Si nilisema?" Kitinda akaniambia. "Bado yana meno!"

"Ngoja, kijana. Bibi yangu alikufa na meno yake yote, lakini usingemtuma dukani." Fundi alipangusa ubavu wa tairi kwa kidole gumba, akatuonyesha tarakimu nne ndani ya kiduara. "Hizi mbili ni wiki, hizi ni mwaka. Ndiyo siku yake ya kuzaliwa. Hili lina miaka kumi na moja." Akabonyeza jino la tairi kwa ukucha. Ukucha haukuingia. Akapanua kwa vidole, na katikati ya meno nikaona nyufa nyembamba, kama visigino vya mtu anayetembea pekupeku. "Mpira umekuwa ubao. Mnalitembeza wapi?"

"Lami," nikasema.

"Porini," akasema Kitinda, papo hapo.

Fundi alitutazama kwa zamu. "Nani anaendesha?"

"Mimi."

"Na huyu?"

"Huyu anaendesha simu."

Fundi alicheka mpaka akajishika kiuno. Kitinda hakucheka.

Akaviringisha matairi matatu, moja moja, akayaegemeza kwenye pipa. La kwanza lilikuwa la matope, kama yale ya baba, jipya, bado lina vinywele vya mpira. La pili alisema ni la kati, la mtu anayetoka lami akaingia vumbi akarudi lami. La tatu lilikuwa na uso tulivu, mifereji mirefu na mistari myembamba kama ya wembe.

"Hili la tatu ni la lami. Mistari hii midogo ndiyo inayong'ata barabara iliyolowa. Ukivaa haya, ndani ya gari utasikia redio tu."

"Hayangurumi?" nikauliza.

"Hata kidogo."

"Na la kati?"

"Linanguruma kidogo. Si mngurumo huo wenu wa ndege."

"Kama gari likiwa darajani, mtu aliye chini jikoni, mita mia tatu, angelisikia?"

Fundi Geji alijikuna shingo. "Dada yangu, niko kwenye kazi hii tangu nina nywele. Watu wanakuja hapa wanalia kelele, kelele, niondolee kelele. Leo ndiyo mara ya kwanza napata mteja anayetafuta kelele."

"Ni ya mama," Kitinda akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama anafungua geti kwa kelele hiyo. Fundi, tufungie la kwanza. Jipya si litashika kuliko hili zee?"

"Kwenye tope litashika kuliko yote. Kwenye lami litakupeleka. Lakini kwenye kitu laini kilicholowa, sakafu, zege, meno makubwa hayana cha kung'ata."

"Kwetu mteremko ni zege," nikasema.

"Zege la kukwaruza?"

"Laini. Baba alilipiga mwiko."

Kitinda akanigeukia. "Dada, umeshuka mteremko ule mwaka mzima. Leo ndiyo umekuwa tatizo?"

Ndipo nikamwambia. Jumatano, mvua, mguu wote kwenye breki, kiganja. Nilionyesha kwa mkono. Sikulia. Niliurudisha mkono mfukoni.

"Unakuza mambo," alisema. Hakuwa anasema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeomba.

"Fundi, una pipa tupu?"

Fundi alilielewa ombi langu kabla sijamaliza. Alifungua bomba akalowesha zege la kuoshea magari lote, juu mpaka chini. Akaweka pipa la plastiki karibu na mfereji, na juu akachora mstari kwa chaki ya matairi, mahali pa kuanzia breki. Nilikisia umbali kwa nilivyozoea nyumbani. Nilikwenda kwa mwendo wangu wa kila jioni, ule wa mtu anayekaribia kwake, si zaidi.

Kwenye mstari nilikanyaga. Gari likainama, likateleza. Pipa lilipigwa, likaruka, likabingirika mpaka kwenye uzio.

Kitinda alikwenda mwenyewe kulichukua. Alilirudisha mahali pake, akalisimamisha vizuri, akalishika pande zote mbili kuhakikisha limetulia. Niliona namna alivyolishika, nikatazama pembeni.

"Ulichelewa," alisema. "Rudia."

Nikarudia. Safari hii nilikanyaga kabla ya mstari, hatua nzima kabla. Pipa halikuruka. Lilisukumwa tu, taratibu, likaanguka, likaingia chini ya bampa na kubonyea.

Kitinda alisimama na mikono kichwani.

"Fundi," nikasema, "kati ya la kati na la lami, kwenye zege hilo, tofauti ni kiasi gani?"

Angeweza kuniuzia lolote. "Yote ni bora kuliko hili lenu. Lakini la lami litasimama hatua mbili kabla ya la kati. Labda tatu."

Nilifikiri sana, ingawa kwa aliyekuwa akinitazama ilionekana kama nasubiri chenji. Hatua mbili, kwa mngurumo mdogo ambao pengine mama angeusikia, pengine asingeusikia. Jumatano nilikuwa nimebakiwa na kiganja. Sikuwa na hatua za kugawa.

"Funga ya lami. Yote manne, na la akiba."

"Tukifunga haya," Kitinda akasema, "leo jioni mama hatasikia kitu."

"Najua."

"Utamwambia nini?"

"Sijui."

Kazi ilichukua muda mrefu. Nati moja ya nyuma ilikuwa imeshika kutu na fundi aliigombeza kama mtu mzima mwenzake. Matairi ya baba yalitolewa moja moja na kulazwa chini, na Kitinda alikaa juu ya la mwisho mpaka alipoombwa apishe. Mapya yalipokwisha kufungwa nilishuka tena kwenye zege lililolowa, nikakanyaga kwenye mstari. Gari lilisimama. Kati ya bampa na lile pipa lililobonyea palikuwa na hatua nne za fundi, naye ana miguu mirefu.

"Sasa unaweza kulala," aliniambia.

Saa ilikuwa imefika kumi na nusu. Tulikuwa tumemwambia mama saa tisa.

Njia nzima ya kurudi ilikuwa imelowa, mvua imekatika muda si mrefu. Ndani ya gari nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia: kioo cha nyuma kinagonga, kiti cha Kitinda kinalia, Kitinda mwenyewe anavyopumua. Lilikuwa kama gari la mtu mwingine.

Tulipovuka daraja alisema, "Piga honi."

"Atashtuka. Hajawahi kusikia honi pale."

"Basi niteremke nikimbie nimwambie."

"Utakimbia na viatu hivyo? Tulia. Nakwenda polepole."

Nilikunja kona ya kuingia kwetu. Geti lilikuwa limefungwa. Mama hakuwa nyuma yake.

Alikuwa mbele yake. Alikuwa ametoka nje, amepanda mteremko mpaka katikati ya zege, amesimama na kutupa mgongo. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja, sikio limeelekea njia nyingine ya kufika kwetu, inayotokea sokoni, anasikiliza. Alikuwa amechoka kungoja, akatoka kuutafuta mlio.

"Dada!" Kitinda akapiga kelele.

Nilikuwa nimeshakanyaga. Gari liliinama na kushika. Nilihisi kwenye mgongo wangu jinsi lilivyoshika, kama mkono uliokamata nguo kwa nyuma. Lilisimama, na mama alikuwa bado mbali nasi, hatua tatu kamili, na hakugeuka. Injini ilikuwa imezimika kwa breki, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwake kuja kwetu; hakusikia. Alibaki vilevile, sikio kule, mkono mmoja umeshika kitambaa chake cha kichwani kisichukuliwe na upepo.

Tulikaa ndani tukimtazama mgongo. Sijui kwa muda gani. Ningekuwa na matairi ya zamani, ningekuwa naandika mambo mengine.

Nilifungua mlango. Aliusikia mlango, akageuka.

"Nani?"

"Ni sisi, Mama."

"Mmekuja kwa miguu? Gari limeharibika?"

"Gari liko hapa."

Alinyoosha mkono, akatembea mpaka akaligusa boneti. Lilikuwa la moto. Akafuata ubavu wake kwa kiganja, akainama, na mkono ukashuka mpaka kwenye tairi. Alilipapasa polepole, ile mifereji, ile mistari ya wembe. Kitinda alianza, "Mama, unajua, fundi amesema..." Nikamshika mkono anyamaze.

"Mmeyatoa," mama akasema.

"Nimeyatoa mimi. Jumatano nusura nikugonge. Breki haikushika."

"Jumatano?"

"Ulipokuwa umeshika geti. Ilibaki hivi." Nilichukua mkono wake, nikaweka kiganja changu juu yake.

Alikaa na kiganja changu. Nilikuwa tayari kwa chochote, hata kama angenitukana.

"Unadhani mimi sijui baba yenu yuko wapi?" alisema. "Nilikuwepo. Nilimvalisha soksi mwenyewe, miguu ilikuwa baridi."

"Najua, Mama."

"Hujui. Nilikuwa nasikia mlio, natoka. Najua ni wewe. Natoka hivyo hivyo." Alilipapasa tena tairi. "Ilikuwa starehe yangu. Sikujua kama inataka kuniua."

Kitinda alikuwa akilia waziwazi, kama mtoto, anajifuta kwa mkono wa shati. Mama akamsikia. "Huyu naye analilia nini? Tairi?"

Tukacheka, wote watatu, kicheko kibaya kilichojaa kamasi.

"Basi nitakuwa napiga honi," nikasema.

"Usinipigie honi nyumbani kwangu." Alijinyoosha, akafuta mikono kwenye nguo. "Rudi juu barabarani. Vuka daraja, ugeuke, uje tena. Kama unavyokuja siku zote. Nitasimama hapa pembeni na Kitinda."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nitalijuaje kama sijalisikiliza?"

Nikarudi kinyumenyume na gari mpaka barabarani. Nilivuka daraja, nikageuza, nikaja. Walikuwa wamesimama ukutani, Kitinda amemshika kiwiko. Nilipofika karibu nao mama alitikisa kichwa. Hapana. Hakusikia kitu.

Nikaenda mara ya pili. Nikavuka, nikageuza, nikaja. Nilifungua kioo na mimi nikasikiliza, na ndipo niliposikia kwamba matairi hayakuwa kimya kabisa. Lami ilikuwa imelowa, nayo yaliyasukuma yale maji pembeni kwa mlio mwembamba, ssss, kama mtu anayekwangua samaki. Mama alitikisa kichwa tena, ila hakutikisa haraka. Akamwambia Kitinda kitu, naye akamwachia kiwiko, akasogea mbali kidogo. Kumbe alimwambia anapumua sana.

Mara ya tatu niliendesha bila haraka yoyote. Nilivuka daraja. Nilikuwa bado sijafika kwenye kona, geti silioni, nilichoona ni mkono tu juu ya ukuta. Mkono wa mama, umeinuliwa, vidole vimefunguka.

Nilipokunja kona alikuwa anasukuma geti, na alilisukuma akiwa upande wa ndani, pembeni, bega kwenye ukuta.